Mahudhurio ya Mbuke

Nilifundisha na Mwalimu Justa Magesa miaka minne, katika shule ya msingi iliyo karibu na machimbo ya Mwakitolyo. Jina la shule naliacha, maana watoto bado wanasoma pale. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie, kwa sharti moja.

"Usinipunguzie," alisema. "Ukianza kunitetea, acha hapo hapo."

Basi simpunguzii. Lakini lazima niseme alikuwa mwalimu wa namna gani. Alikuwa mtu wa kufika kwanza. Ukiingia ofisini saa moja kasoro, unakuta ameshafungua madirisha, amepangusa vumbi la usiku juu ya meza, na chupa ya chai iko juu ya kabati. Alikuwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo ratiba, mitihani na ripoti zote za shule zilipita mkononi mwake. Juu ya hayo alikuwa mwalimu wa darasa la saba, lenye watoto mia moja na watatu. Shule nzima tulikuwa walimu kumi na wanne kwa watoto elfu moja na mia tatu.

Watoto wa pale huja na kuondoka jinsi wazazi wao wanavyofuata dhahabu. Ikisikika kwamba duara fulani limetema dhahabu huko Geita, maana mashimo ya dhahabu tunayaita maduara, wiki inayofuata madawati mawili matatu yako wazi, na hakuna anayekuja kuaga. Kata nayo ilidai maelezo ya maandishi kwa kila mtoto anayekosekana. Taratibu Mwalimu Justa akaacha kuita majina asubuhi. Akawa anajaza daftari la mahudhurio siku ya Ijumaa, wiki nzima kwa mkupuo, tiki, tiki, tiki, mpaka chini ya ukurasa. Hakuwa peke yake. Mimi wa darasa la tano nilifanya vivyo hivyo.

Januari mwaka 2025 aliitwa kwenye semina ya siku moja. Kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato aliwaonyesha walimu jinsi ya kutumia akili mnemba kwenye simu zao. Justa alirudi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Azimio la kazi lililokuwa likimla Jumamosi mbili sasa lilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Unaipiga picha karatasi, unaiambia unachotaka, inakuandikia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha afisa yeyote. Kwanza tulimcheka. Baada ya wiki mbili tukawa tunampelekea kazi zetu.

Machi ikaja na mvua zake. Jumatano ya tarehe kumi na mbili, karibu saa tano asubuhi, lundo la kifusi lililokuwa nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe, liliporomoka. Wanawake huwa wanaokota mawe pale chini, wakitafuta yaliyobaki na dhahabu. Wachimbaji walifukua kwa mikono na majembe mpaka jioni. Walitoa mwanamke mmoja mzima na wawili waliokufa. Mtu mmoja alisema aliona na mtoto. Mwingine akasema hapana, hapakuwa na mtoto. Kulipokucha wakaendelea kufukua.

Kesho yake mtendaji wa kijiji alimtuma mgambo shuleni na karatasi yenye swali moja: je, kuna mwanafunzi yeyote asiyeonekana tangu jana? Mwalimu Mkuu wetu, Stanslaus, alikuwa kwenye kikao Shinyanga mjini. Karatasi ikamfikia Justa, na mgambo akasimama mlangoni akisubiri majibu, kofia mkononi.

Daftari la wiki ile lilikuwa tupu. Ilikuwa Alhamisi, na yeye alijaza Ijumaa.

Alichukua kalamu ya bluu akajaza Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kisha akaupiga picha ukurasa na kuiuliza simu kama kuna mwanafunzi wa darasa la saba aliyekosekana. Ikajibu kwamba kwa mujibu wa daftari, wanafunzi wote mia moja na watatu walihudhuria. Sisi wengine tulimpa madaftari yetu, yaliyojazwa kwa mtindo ule ule. Akaiomba imwandikie barua ya kujibu, ikamwandikia barua nzuri, yenye pole kwa wafiwa. Aliinakili, akasaini kwa niaba ya Mwalimu Mkuu, akagonga muhuri. Mgambo alikuwa hajakaa hata robo saa.

Mchana ule ikatangazwa kwa kipaza sauti machimboni kuwa wanafunzi wote wapo. Wachimbaji wakaacha kufukua. Mvua ikanyesha tena juu ya kifusi, na wiki iliyofuata karasha ikawashwa.

Juni shule zilifungwa, lakini darasa la saba walibaki kwa masomo ya likizo, kujiandaa na mtihani wa Septemba. Walikuja watoto sabini na kitu. Justa aliipa simu picha za daftari la muhula mzima, akaiambia ipange makundi ya kusoma, mazoezi ya kila kundi, na zamu za usafi. Orodha zikatoka safi. Alizichapisha kwa mtu mwenye mashine ya kuchapa barabarani akazibandika mlangoni.

Siku ya pili ya masomo, Blessing, msichana mrefu wa kundi la nne, alikuja ofisini. Nilikuwepo.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimepangwa kumwagilia miti na Mbuke."

"Basi mwagilieni."

Blessing alitazama miguu yake. "Mbuke hayupo, mwalimu."

"Amechelewa?"

"Hayupo. Siku nyingi."

Justa alifungua daftari, akafuata jina kwa kidole. *Mbuke Makoye.* Kasoro siku mbili za Januari alipougua macho, mstari wake ulikuwa umejaa tiki hadi Juni. Alilifunga daftari. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo shaka ilipomwingia kwa mara ya kwanza, na kwamba aliifukuza.

"Atakuwa amehama," alimwambia Blessing. "Nitakubadilishia mwenzako."

Alimfuta kwenye orodha kwa kalamu. Lakini wiki iliyofuata alitengeneza orodha mpya, na kwa kuwa aliipa simu picha zile zile za daftari, jina likarudi. Safari hii Mbuke aliwekwa kiongozi wa kundi la nne, kwa sababu ya mahudhurio yake mazuri. Justa hakuona mpaka orodha ilipokuwa mlangoni na watoto wamejazana mbele yake. Kundi la nne lilikaa siku nzima likiwa limeacha nafasi ya mtu mmoja mwanzoni mwa benchi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Siku hiyo hiyo zilikuwa zimeshaondoka ripoti za wazazi. Mwalimu Mkuu alitaka kila mzazi apate ujumbe wa simu kuhusu mwanawe, na namba zilikuwa kwenye rejista ya kuandikishia watoto. Justa aliipa akili mnemba mahudhurio na alama za jaribio la Februari, maana za Mei zilikuwa hazijasahihishwa zote. Ikaandika jumbe mia moja na tatu, kila moja na maneno yake. Alizituma moja moja, mchana kutwa, bila kusoma zote.

Asubuhi ya Jumatano, kama saa nne, mwanamke alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, mkononi ana ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, na kwapani sweta la shule lililokuwa bado kwenye mfuko wake wa dukani. Alitusalimia wote, mmoja mmoja, kisha akasema ametoka Kishapu.

"Mimi ni Mama Mbuke," alisema. "Nimekuja kumwona mwanangu."

Alitoa simu ya vitufe akampa Justa asome, kana kwamba ni cheti cha kumruhusu kuingia. Justa alisoma kwa sauti, kwa sababu mama yule alitaka asikie tena.

"Mzazi wa Mbuke Makoye. Mwanao amehudhuria siku 94 kati ya 96. Ni msikivu, ana nidhamu, na anapenda kuwasaidia wenzake. Anaendelea vizuri katika hisabati. Tunamtarajia kwenye masomo ya likizo."

"Kaka yangu amenisomea mara nyingi sana," Mama Mbuke alisema. "Mwezi wa tatu wifi yangu Mageni, anayeishi naye hapa, alinipigia akasema mtoto amekimbilia Geita na wasichana wenzake kufanya kazi za ndani. Nimekwenda Geita mara mbili, mwalimu. Nimepita Kalangalala nyumba kwa nyumba, nabisha hodi, nauliza kama wana mtoto wa kazi mwenye kovu hapa." Aligusa kidevu. "Kumbe yuko shule! Kumbe anasoma! Nimemletea michembe."

Alifunua ndoo. Ilikuwa imejaa vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, vimepangwa vizuri kama mtu anavyopanga kitu cha sherehe.

Justa alimwambia, "Kaa hapa kibarazani, mama. Nakuja."

Alikwenda darasani na daftari. Mimi nilimfuata mpaka dirishani. Watoto wakasimama, wakamwamkia, wakakaa. Akafungua ukurasa na kuanza kuita majina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Januari. Akaita moja baada ya jingine, na watoto wakaitika "Nipo," wengine wakishangaa. Waliokuwa wameenda likizo kwao, wenzao wakasema, "Amesafiri." Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Mbuke Makoye."

Pale kibarazani mama alisikia jina. Alisimama. Akaweka sawa kitenge chake, akashika lile sweta kwa mikono miwili, akageukia mlango wa darasa akitabasamu, anangoja kusikia sauti.

"Mbuke Makoye," Justa aliita tena.

Hakuna aliyesema amesafiri. Watoto walimtazama mwalimu, naye aliwatazama.

Mwalimu Mkuu Stanslaus alimvuta Justa nyuma ya ofisi. Si mtu mbaya. Aliogopa. "Mwambie mashine ilikosea," alisema kwa sauti ya chini. "Ni kweli, hivi vitu vinakosea. Kila mtu anajua."

"Haikukosea," Justa alijibu. "Imesoma nilichoandika."

Akarudi kibarazani, akapiga magoti mbele ya yule mama, akaweka daftari mapajani mwake, akamwonyesha mstari. Alimwambia kila kitu kwa mpangilio, bila kulia: kwamba tiki hizi ni za mkono wake, kwamba alikuwa akizijaza bila kuita majina, kwamba hajui Mbuke aliacha lini kuja shule.

Mama Mbuke hakujua kusoma, lakini tiki alizielewa. Alipitisha kidole juu yake taratibu, moja moja, kama anayepapasa punje.

"Zipi za kweli?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Hata moja hujui?"

"Sijui."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atamrushia ile ndoo. Badala yake akasema jambo ambalo lilikuja kumwongoza Justa kwa siku zote zilizofuata. "Basi nitafutie siku yake ya mwisho. Siku ambayo mtu alimwona kwa macho. Siondoki hapa mpaka niijue."

Walianza na Blessing. Justa alimkalisha kwenye ngazi, mama akakaa upande wa pili.

"Mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini?"

"Siku ya dawa za kichocho," Blessing alijibu bila kufikiri. "Tulipimwa urefu kwenye ule mti wenye alama za kugawia vidonge. Yeye alipewa vidonge vinne, mimi vitano. Alinicheka. Alisema kesho yake atapita kwenye mawe kwanza, anataka kununua mkebe wa hisabati. Alisema atachelewa kidogo."

"Kwenye mawe wapi?"

"Kule nyuma ya karasha."

Justa alishika ukingo wa ngazi. "Blessing. Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, mwalimu. Halafu wakatangaza wanafunzi wote wapo." Mtoto alianza kulia. "Nikajua basi amehama, kama Eliya na wale wengine."

Mama Mbuke aliuliza, "Karasha ina nini?" Hakujua. Kishapu hakuna aliyemwambia habari za kifusi. Justa ndiye aliyemwambia.

Walikwenda zahanati kwa miguu, nami nikawasindikiza. Muuguzi alitafuta kwenye makabrasha yake akatoa orodha ya ugawaji wa dawa. Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Mbuke Makoye, urefu wake, vidonge vinne, na mbele yake alama ya muuguzi. Tangu Januari hiyo ndiyo ilikuwa alama pekee iliyoandikwa na mtu aliyekuwa anamtazama mtoto usoni. Mama aliomba aiguse. Muuguzi akamwachia.

Mageni, yule shangazi, tulimkuta akipika uji karibu na machimbo. Alipomwona wifi yake na walimu alikaa chini kabla hajaambiwa neno.

"Asubuhi ile alitoka na sare," alisema. "Usiku hakurudi. Tulikuwa tumegombana, nikahofu. Nikaogopa na habari ya kifusi. Kesho yake kipaza sauti kikasema wanafunzi wote wako shuleni, nikapumua. Nikasema basi amenuna, analala kwa rafiki. Baadaye wakasema kuna wasichana wamepanda gari kwenda Geita." Alimtazama Justa. "Shule ilisema yupo."

Siku hiyo hiyo Justa alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mwalimu Mkuu alimkataza, akamwambia atapoteza kazi na ataichafua shule. Alikwenda. Alisimama mbele ya meza akasema, "Ile barua ya Machi ilikuwa ya uongo. Mwandishi ni mimi." Mtendaji alimwomba arudie, akaandika.

Kufukua kulichukua siku mbili. Walileta kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimba, lakini walipofika karibu waliizima, wakaendelea kwa majembe. Mama Mbuke alikaa kwenye jiwe, lile sweta mapajani. Justa alisimama muda wote juani. Hakuna aliyemkaribia wala aliyemfukuza. Siku ya pili, alasiri, mchimbaji mmoja aliinua mkono, na wote wakaacha.

Ilikuwa hatua sita kutoka pale walipoishia Machi. Kulikuwa na mbao za kibanda kilichokuwa kikihifadhi zana, zimeangukiana na kuacha uwazi chini yake. Alikuwa ndani ya uwazi ule.

Justa aliziona zile mbao. Alimwendea mzee wa duara aliyesimamia kazi, Zamoyoni, mtu aliyechimba maisha yake yote na kuwatoa wengi chini ya ardhi.

"Mzee, kama mngeendelea siku ile ya Alhamisi, mngemkuta bado..."

Zamoyoni alimkata. "Mwalimu, hilo usiniulize."

"Nakuuliza."

"Na mimi nakuambia usiulize." Akavua kofia yake, akaondoka.

Hilo ndilo lililobaki na Justa. Hakunieleza kwa maneno mengi. Aliniambia tu kwamba tangu hapo kila akishika kalamu ya bluu anawaona wale wachimbaji wakiweka majembe chini.

Mbuke alizikwa Kishapu, kwao. Justa alikwenda, nami nikaenda naye, maana nilihofu watamfanyia kitu. Hawakumfanyia kitu. Walimpa maji ya kunawa na chakula kama wageni wengine, na nafikiri hilo lilimuumiza zaidi. Tulipokuwa tunaaga, Mama Mbuke alimwita pembeni ya nyumba. Alikuwa na ile simu ya vitufe mkononi.

"Ujumbe huu sijaufuta," alisema. "Umeandikwa kwamba ni msikivu, na anapenda kuwasaidia wenzake. Hayo uliyaandika wewe?"

Nilimwona Justa akifikiri. Lingekuwa jambo rahisi kusema ndiyo. Hata mimi nilitamani aseme ndiyo.

"Hapana, mama. Ni ile akili mnemba. Ilitunga tu, kama ilivyowatungia wengine."

Mama Mbuke alitikisa kichwa polepole. "Sasa nani alimwona?"

Aliingia ndani.

Mashtaka ya nidhamu yalifuata. Justa alivuliwa kazi ya taaluma na kupewa onyo la maandishi, na ikaamuliwa kwamba mwaka ukiisha atahamishwa. Sisi wengine tuliitwa, tukaulizwa kuhusu madaftari yetu. Nilikiri. Nikapewa onyo dogo. Sikulifurahia lile neno dogo.

Agosti yote, nafasi za mapumziko, ungemkuta Justa amekaa na mtoto mmoja wa darasa la saba chini ya ukuta wa choo cha walimu, penye kivuli, na daftari la kurasa arobaini. Alikuwa anauliza habari za Mbuke. Mwanzoni watoto waliogopa, wakasema alikuwa mzuri, alikuwa mpole. Alirudi tena na tena. Polepole vikaanza kutoka vitu vyenyewe. Kwamba alikuwa anahesabu kugawanya kwa kokoto na akamfundisha Blessing. Kwamba aliimba vibaya, tena kwa nguvu. Kwamba aliwahi kumpiga mvulana mmoja kwa rula kwa sababu alimcheka kipofu. Kwamba alifunga viatu vyake kwa uzi wa katani. Justa aliandika kila kitu kwa mkono. Simu ilikaa mfukoni.

Kitu alichoniambia kwa aibu kuu kilikuwa hiki: yeye mwenyewe, aliyemfundisha miezi miwili mwaka ule na mwaka mzima kabla yake, aliweza kukumbuka kitu kimoja tu. Siku moja Mbuke aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akamkatalia.

Septemba mtihani ukafika. Watahiniwa hukaa kwa kufuata namba, na namba ya Mbuke ilikuwa imeshasajiliwa tangu mapema. Kwa hiyo dawati lake liliwekwa, na namba ikabandikwa juu yake. Lilikaa wazi siku zote mbili, mbele Blessing, nyuma mvulana mmoja aliyekuwa akilikwepa kwa macho. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, alipita na karatasi yake, akafika pale, akaandika kuwa hayupo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari Mbuke kuandikwa hivyo.

Wiki moja baada ya mtihani tulipanda gari kwenda Kishapu. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mashamba yamebaki vijiti, na ng'ombe walikuwa wakitafuta majani pasipokuwa na majani. Mama Mbuke alitukaribisha uani, akatoa viti. Justa alimpa lile daftari kwa mikono miwili.

"Hili nimeliandika mimi," alisema. "Nimeuliza watoto wote. Sisemi linatosha."

Mama alilipokea. Alimwita binti yake mdogo, Juliana, wa darasa la nne, asome. Juliana alisoma akisitasita kwenye maneno marefu. Alisoma kuhusu kokoto, kuhusu kuimba, kuhusu rula. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Juliana alipofika mahali palipoandikwa kwamba Mbuke aliogopa ng'ombe wenye pembe kubwa, mama alifumbua.

"Nani kasema hivyo?"

"Mmoja wa wavulana, mama," Justa alijibu.

"Huyo hamjui. Mbuke alichunga tangu ana miaka mitano. Alikuwa anamshika dume kwa pembe hivi," alionyesha kwa mikono yote miwili, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mtu mwingine. "Alikuwa anamdanganya huyo mvulana ili aje amsindikize. Futa hapo."

Justa alichukua kalamu kwenye pochi. Nilimwona ameishika juu ya karatasi bila kuishusha, mpaka Juliana akamwekea kidole kwenye mstari wenyewe.

"Ni hapa, mwalimu."

Akakata sentensi ile. Mama akasogeza kiti karibu, akaanza kumweleza jinsi ilivyokuwa, na Justa akaandika.